Mtoto akifungua redio usimchape, mpe bisibisi: ninayoyaona kila Jumamosi kibarazani

#1 fundi_kibarazani (mleta mada)

Habarini wanajamvi,

Mimi ni fundi wa redio, simu na vifaa vya umeme hapa Uyole, Mbeya. Huu ni mwaka wa saba sasa, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita, kibaraza changu ni cha watoto wa mtaani. Wapo wa darasa la tatu, wapo wa la saba, na wawili shule walishaacha. Cheti cha ualimu sina, mfadhili sina. Ninachowapa ni vitu vibovu, bisibisi na muda wangu. Naandika kwa kirefu kwa sababu wazazi wananijia na swali lile lile: "Mwanangu anapenda haya mambo, nimfanyie nini?" Na wengi wameshakata tamaa kabla hawajaanza, wakidhani bila kompyuta na maabara hakuna linalowezekana.

Nianze na kipigo. Nilikuwa na miaka tisa nilipofungua redio ya baba. Ilikuwa nzima kabisa, inasoma salamu za mchana, nami nilitaka kumwona anayesema. Sikumkuta. Nilikuta spika, na nyuma ya spika sumaku ambayo ilidaka bisibisi yangu na kuing'ang'ania. Nilikaa na ile sumaku mchana kutwa, najaribu misumari, vijiko, vifuniko vya soda, bakuli la alumini likanikatalia. Baba aliporudi alinichapa vilivyo. Fimbo niliisahau ndani ya wiki moja. Ambalo sijalisahau mpaka leo ni kwamba hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyeniuliza nimeona nini mle ndani.

Aliyeniokoa ni mjomba. Aliniletea redio iliyokufa, akaniwekea mkekani, akasema, "Hii haina mwenyewe. Fungua mpaka uchoke." Ufundi wangu wote ulianzia pale.

Sasa nieleze Jumamosi inavyokwenda. Mtoto mgeni nampa betri moja ya redio na taa ndogo nyeupe niliyoitoa kwenye tochi mbovu. Anaunganisha, haiwaki. Anageuza miguu ya taa, haiwaki. Ananitazama. Mimi najua kwamba betri moja ina volti 1.5 na taa nyeupe inataka karibu 3, lakini nafunga mdomo. Hapo ndipo pagumu kuliko kazi yote, wakuu. Ulimi unawasha, unataka kusema. Ukisema, umemnyang'anya.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa mama anayeuza nyanya hapo njia panda, ana miaka kumi. Alihangaika kama robo saa, kisha akasema polepole, "Labda moja haimtoshi." Nikamsogezea ya pili. Taa ilipowaka alipiga kelele hadi mteja wangu akageuka. Akaomba ya tatu. Nikamwambia kwanza aandike kwenye daftari anadhani itakuwaje. Akaandika: "Itawaka sana." Iliwaka sana kweli, kwa muda mfupi, halafu ikatoa harufu ya kuungua na kuzimika. Akawa karibu kulia, anadhani ameniharibia mali. Nikamwambia aandike na hilo. Daftari lake linasema: "Betri 3. Imewaka sana. Imekufa." Huyo sasa ameshajua kitu ambacho mimi nilikielewa nikiwa na miaka kumi na saba.

Sheria ya daftari ndiyo sheria yangu pekee: andika unachodhani kabla hujajaribu, halafu andika kilichotokea, hata kama ulikosea. Nanunua daftari za kawaida za mraba, zinatosha.

Mota ya deki mbovu nayo ni hazina. Ipe betri mbili, inazunguka. Geuza nyaya, inazunguka kinyume. Wakishachoka na hapo naondoa betri, naunganisha taa nyekundu, na nawapa uzi wa kuzungushia ile shingo ya mota. Vuta uzi kwa nguvu, taa inamweka. Hakuna betri, umeme umetoka wapi? Kuna Jumamosi tulimaliza saa mbili nzima kwenye swali hilo moja, na sikujuta.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na halina gharama hata ya shilingi. Nyumba nyingi za kwetu zina bati lenye tundu la msumari. Mchana jua likipenya, sakafuni panatokea doa la mwanga. Muulize mtoto tundu lina umbo gani. Akipanda kuangalia atakwambia limechanika, lina pembe. Na doa? Duara safi. Imekuwaje tundu lililochanika likatoa duara? Waache wabishane kwanza. Doa lile ni picha ya jua lenyewe, imeletwa na kitundu hadi sakafuni.

Mimi hilo nililiamini tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete. Nilikuwa Rujewa, Mbarali, kwa mama mkubwa, nimefuatana na mtoto wa dada yangu. Watu walikuwa wamefurika uwanjani na miwani maalumu, na sisi miwani hatukupata. Tukaingia jikoni kwa mama mkubwa. Jiko la bati kuukuu, matundu kama kumi na manne, moshi wa kuni umetanda kiasi kwamba unaona kila mshale wa mwanga unavyoshuka. Madoa yalianza kumeguka upande mmoja kama andazi lililong'atwa. Kuelekea saa sita yakawa pete. Pete kumi na nne: kwenye majivu, kwenye mfuniko wa sufuria, moja kwenye khanga ya mama mkubwa aliyekuwa anachochea maharage. Mtoto akakinga kiganja, pete ikakaa kiganjani. Hakusema neno. Leo anasoma umeme chuo cha ufundi.

Si lazima msubiri kupatwa kwa jua. Chukua futikamba, pima kutoka kwenye tundu hadi kwenye doa kwa kufuata njia ya mwanga. Pima upana wa doa. Kama limelala mfano wa yai, pima upande mwembamba. Toa upana wa tundu. Kisha gawa urefu ule kwa kilichobaki. Mtapata 107 au 108 hivi, mkikosea kidogo mtakuwa jirani na hapo. Ile namba maana yake ni kwamba majua 108 yakipangwa mstari mmoja yangejaza nafasi iliyopo kati yetu na jua. Umbali ni kilomita milioni 150 hivi, upana wa jua ni kilomita milioni 1.39, gawa mwenyewe uone. Mtoto wa darasa la sita amelipima anga akiwa jikoni.

Tahadhari, na hapa naomba msome mara mbili. Jua halitazamwi kwa macho, hata kwa sekunde moja, mnatazama doa tu. Kitu chochote chenye plagi hakifunguliwi na mtoto. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa ni marufuku kabisa, ndani kuna volti maelfu kwa maelfu na nyingine hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa. Kapasita kubwa za kwenye pawa saplai, vile vikopo vinavyotunza umeme, vilevile. Betri za simu msitoboe wala msikunje, zinalipuka moto. Betri za redio na tochi zinawatosha kwa miaka.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia kutoka mikoa mingine mnafanyaje.

#2 mama_wa_kirumba

Shikamoo fundi kama ni mkubwa wangu. Nipo Mwanza. Nina binti darasa la tano, anafungua kila kitu. Juzi nimemkuta na pasi, ameitoa mpini. Baba yake anasema nyaya na bisibisi si mambo ya mtoto wa kike, atafute kazi ya kufanya jikoni. Mimi nimekaa katikati, umeme nauogopa na mtoto sitaki kumvunja moyo. Halafu nyumba yetu ina silingi bodi, hilo tundu la bati nitalipata wapi?

#3 mzazi_mstaafu

Mleta mada, nia yako ni njema na nimesoma hadi mwisho. Ila nikueleze kama mzazi. Kijana wangu alikuwa hivyo hivyo, magari ya waya, mota, betri, akawa anarudi jioni hajagusa kazi za shule. Hesabu zikashuka, mwalimu akaniita. Mtihani wa taifa haumuulizi mtoto mota ya deki. Kama alama hazipo, huo utundu utampeleka wapi? Nililazimika kumnyang'anya vile vitu vyote nikavichoma. Sijui kama nilikosea.

#4 fundi_kibarazani

Mama wa Kirumba, marahaba. Nianze na wewe.

Pasi: hofu yako ni ya haki. Fanya hivi, kitu kikishakufa kata waya wa plagi mwenyewe, utupe mbali, ndipo umkabidhi. Pasi isiyo na waya haiwezi kumdhuru mtu zaidi ya kumkata kidole. Akifungua atakuta kile kibati kinachojikunja kikipata moto na kukata umeme. Mwambie akitafute.

Tundu: banda la kuku, stoo, bafu la nje. Likikosekana kabisa, ziba dirisha linaloingiza jua kwa boksi gumu, toboa kwa msumari, funga pazia jingine. Doa litakuja ukutani au sakafuni.

Baba yake: simwiti mbaya, wengi tumelelewa hivyo. Wala msishindane kwa maneno. Mwache binti atengeneze kitu ambacho baba mwenyewe anakitumia. Kibarazani kwangu mkono usiotetemeka kwenye kulehemu ni wa binti wa darasa la saba, na baba yake alikuwa na kauli hizo hizo mpaka siku tochi yake ya kwendea shamba usiku ilipokataa. Binti aliifungua mbele yake, akakwangua kutu kwenye springi, ikawaka. Tangu siku ile ndiye anayemleta Jumamosi, tena kwa baiskeli.

Mzee wangu mstaafu, sitakuhukumu. Shule ina mambo yake na mimi sishindani nayo; saa mbili kwa wiki hazimfelishi mtoto. Ila hapo ulipouliza utundu utampeleka wapi, niruhusu nikukumbushe kisa cha nyumbani.

Mwaka 1963 kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, anaitwa Erasto Mpemba. Vijana walikuwa wanajitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ya friza ilikuwa ya kugombea. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akatia maziwa yake yakiwa ya moto. Mwenzake alitia yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia wao huweka ya moto makusudi ili iwahi kuganda. Aliporudi na swali lake darasani alichekwa, kila akikosea anaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Hakuliacha. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wenzake, wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliahidi kwenda kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lile hutokea kweli na kwa hali gani, na mabishano hayo yanabeba jina la kijana aliyekuwa anatafuta aiskrimu.

Ninachotaka uone, mzee wangu: swali halikuzaliwa darasani. Lilizaliwa kwenye friza, likathibitishwa na muuza aiskrimu, likafika mbali kwa sababu mtu mzima mmoja hakucheka. Kijana wako kama bado yupo nyumbani, muulize alikuwa anatengeneza nini siku ile.

Na kuhusu hesabu: mtoto anayeambiwa hajui kugawanya nimemkuta kwenye bao, mashimo 32, kete 64, anakwambia kabla hajanyanyua kwamba kete zake zitaishia shimo gani. Kugawanya anajua. Hajapewa tu kitu cha kugawanya chenye maana kwake.

#5 jirani_wa_athi

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Kisa cha redio kimenigusa kwa sababu huku kwetu tunacho kinachofanana nacho kabisa. Richard Turere, kijana wa Kimaasai anayetoka kandokando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa babake, na simba walikuwa wanatoka mbugani usiku na kuwala. Alijaribu moto kwanza, akagundua moto unawasaidia simba kuona zizi. Akaweka sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi, siku ya pili wakaona sanamu haisogei, wakaingia.

Usiku mmoja akitembea na tochi aliona simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaosonga. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kiboksi cha indiketa ya pikipiki kinachofanya taa imweke, na balbu za tochi zilizovunjika. Akazipanga kuzunguka zizi, zikawa zinamweka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka na kurunzi. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama mbele ya ukumbi wa TED, ule mkutano wa hotuba fupi, kule Long Beach, Marekani, akaeleza mambo haya. Na umeme alijifunzia wapi? Alisema mwenyewe: aliifungua redio mpya ya mamake, nusura mamake amuue siku hiyo.

Nimemweleza mke wangu kisa hiki na chako. Tangu jana kuna redio mbovu mezani.

#6 nahodha_wa_pangani

Assalaam aleikum wanangu. Mimi ni mzee wa bahari, mjukuu ndiye ananiandikia haya. Nyie wa bara mna mabati, sisi tuna maji.

Mjukuu huyu alikuwa ananiuliza nitajuaje leo maji yatajaa saa ngapi. Nikamwambia usiniulize, chomeka kijiti. Kila siku maji yanapofika juu kabisa anachomeka kijiti kipya na kuandika saa. Siku ya tatu akaja mbio, babu, maji yanachelewa! Kila siku yanachelewa dakika hamsini hivi. Nikamwambia sasa tazama mwezi unachomoza saa ngapi. Naye unachelewa hivyo hivyo. Wiki ile hakulala vizuri.

Kisha akaona vijiti vingine viko juu sana pwani na vingine viko chini. Bamvua na maji mafu. Sisi tunajua tangu ujana kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Lakini yeye kwa vijiti vyake aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo ingawa mwili wangu unalijua: kijiti cha juu kabisa si cha usiku wa mpevu wenyewe, ni cha siku moja au mbili baadaye. Nilifurahi sana, Wallahi.

Sasa nimempa kilimia, lile kundi la nyota. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimemwambia usiniamini mimi wala wahenga, andika. Wakati wa masika alikiona kinazama magharibi baada ya magharibi, kikapotea. Mwezi wa sita akaamka alfajiri akakikuta mashariki, mvua imeshakatika. Nusu ya pili ya maneno ya wahenga ameiwekea alama ya tiki. Nusu ya kwanza bado anaichunguza.

#7 kijana_wa_kodi

Mada nzuri sana. Mimi nimeanzia kwenye kompyuta na nataka kuongeza kidogo. Kuna programu inaitwa Scratch, ilitolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ni ya bure. Mtoto anapanga vipande kama matofali na kutengeneza katuni au mchezo wake. Mkishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na kwenye orodha ya lugha Kiswahili kipo. Laptopu kuukuu moja inatosha watoto watatu kwa zamu. Ila naomba niseme wazi, mtoto kukaa na simu anaangalia video si kujifunza teknolojia. Swali langu kwa mleta mada: huwa mnawatoa watoto nje ya mtaa? Mikoani hakuna makumbusho ya sayansi, tuwapeleke wapi?

#8 fundi_kibarazani

Nahodha, wa aleikum salaam. Nimesoma kijiti chako mara tatu, na Jumamosi nimewasomea watoto. Wamenuna kwamba Mbeya haina bahari.

Kijana wa kodi, asante kwa hiyo ya Kiswahili, nitaitafuta. Kutoka tunatoka, tukipata nauli. Sisi tuna bahati ya Kimondo cha Mbozi, njia ya Tunduma. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito wa tani zaidi ya kumi, lililodondoka kutoka angani. Karibu asilimia 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Mwaka jana tulikwenda watoto kumi na mmoja, na kila mmoja nilimbebesha sumaku ya spika. Naomba muone ile picha: mtoto anasogeza sumaku ambayo aliing'oa kwa mkono wake kwenye redio mbovu, anaigusisha kwenye kitu kilichotoka nje ya dunia, na inanasa. Mmoja aliivuta na kuirudisha kama mara ishirini.

Halafu binti mdogo kuliko wote akauliza, "Kama kilianguka, shimo lake liko wapi?" Kwa sababu lile shimo linalokizunguka sasa lilichimbwa na watu ili kionekane chote. Kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka, na alama ya kuanguka kwake imeshafukiwa na kusombwa. Lakini angalieni lile swali. Watu wazima tulikuwa watatu pale na hakuna aliyelifikiria.

Kwa wengine, angalieni kilicho jirani yenu. Karakana ya kuchomelea, mashine ya kusaga, kituo cha hali ya hewa, mnara wa maji. Omba ruhusa, nenda na watoto watano, si hamsini, na mwombe mwenye kazi awaonyeshe kitu kimoja tu kinavyofanya kazi. Mafundi tunapenda kuulizwa kuliko mnavyofikiri.

Na vitabu. William Kamkwamba wa Malawi, yule aliyejenga kinu cha upepo mwaka 2002 kwa vyuma vya baiskeli na mabomba ya plastiki baada ya kukosa ada wakati wa njaa, alianzia kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi kijijini kwao, anatazama michoro kwa sababu Kiingereza kilimpa taabu. Dunia ilianza kumsikia Arusha mwaka 2007, hapa hapa kwetu, alipopandishwa jukwaani akiwa na miaka 19. Kama una kitabu chenye michoro ya mashine, hata cha lugha usiyoijua, usikifungie kabatini.

#9 mzazi_mstaafu

Fundi, kijana nimempigia. Yuko Dodoma, anauza nguo. Nilimuuliza ile siku alikuwa anatengeneza nini. Alinyamaza kwanza, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Baba, ilikuwa pampu ya kumwagilia mchicha wa mama." Hatukuongea sana. Mjukuu wangu ana miaka sita, atakuja likizo ya Desemba. Naomba uniandikie orodha ya vitu vya kununua.

#10 fundi_kibarazani

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa na ujumbe wako muda mrefu.

Usinunue sana. Betri nne za redio, bisibisi ya nyota na ya bapa zile ndogo, gundi, nyaya za kengele mita mbili tatu, sumaku. Vingine vitoke kwa mafundi wa hapo kwenu, mwambie fundi yeyote una mjukuu, atakupa mota na taa za vitu vilivyokufa. Na ukiweza, mwombe baba wa mtoto aje naye, si kumtuma na basi. Ile pampu anaweza kumwonyesha mwanawe, bado anaikumbuka.

#11 mama_wa_kirumba

Fundi, tumepima! Banda la kuku. Tulianza saa sita na robo, kuku tukawatoa nje, baba yake akashika futikamba upande wa juu (ndiyo, yeye mwenyewe, alikuja kuona tunamtafuta nani bandani). Kutoka tunduni hadi kwenye doa mita 2 na sentimita 68. Doa milimita 28. Mara ya kwanza binti alisahau kutoa tundu, akapata 95.7, akakasirika akataka kufuta. Nikamwambia fundi kasema hakifutwi kitu. Akaandika, akarudi kupima tundu, milimita 3, akagawa upya kwa 25. Amepata 107.2. Baba yake akasema rudia, huenda umebahatisha. Wamerudia mara nne wao wawili, mimi nikaenda kupika.

Sasa swali lake, na mimi sina jibu: jana usiku alitaka kufanya hivyo kwa mwezi, tukaingia bandani na giza, hakuna doa. Anauliza mwezi una namba ngapi na ataipataje kama mwanga wake haufiki sakafuni.

#12 fundi_kibarazani

Mama, umenifurahisha mno, na umpe hongera baba.

Mwezi mwanga wake ni hafifu, kitundu cha msumari hakiwezi kuuleta. Lakini mwezi unatazamika kwa macho bila madhara, na hapo ndipo njia nyingine ilipo. Achukue kifungo cha shati, apime upana wake. Vingi ni milimita 11 hivi. Akibandike kwenye kioo cha dirisha linalotazama mwezi, afumbe jicho moja, arudi nyuma taratibu mpaka kifungo kizibe mwezi wote kamili, usizidi wala usipungue. Wewe au baba yake mpime kutoka jichoni hadi kwenye kifungo. Agawe umbali huo kwa upana wa kifungo.

Namba usimtajie. Mimi hupata 110 hivi, na najua akiiona ilivyo jirani na ile yake ya jua hatalala, ataanza kuuliza kuhusu zile pete za Rujewa.

Mwezi utakuwa mpevu Ijumaa. Aandike kwanza anadhani atapata ngapi. Na majibu ayaandike humu yeye mwenyewe, wewe mshikie simu tu.